Barua Uliyomrudishia Mama Wachira

Nyambura,

Nimeandika anwani yangu juu, upande wa kulia, na tarehe chini yake, kama nilivyowafundisha watoto wa shule kwa miaka thelathini na mmoja. Yako sikuiandika. Nilitaka kuanza kwa kukuuliza hali, nikaona hilo si swali la kumuuliza mtu ambaye mimi mwenyewe nilimtupia udongo kaburini. Basi naanza na habari za huku.

Ni miezi minane sasa. Ile baridi ya Julai iliyokuingia kifuani ilipita, mvua imerudi, na kahawa inachanua. Mbuzi wako alizaa mapacha. Bati la jikoni lililokuwa likivuja, ambalo ulinikumbusha misimu miwili mfululizo, nimelitengeneza. Nyumba ni kimya. Tangu ufiwe na mumeo ukaja kukaa kwangu, kwa kaka yako, kila jioni nilikuomba unyamaze nisikilize taarifa ya habari. Sasa naisikia yote hadi mwisho, na mtangazaji akikosea hakuna wa kumwambia kwamba amekosea. Hakuna hata mtu mmoja aliyebaki wa kuniita Karani.

Wiki tatu baada ya mazishi, Mchungaji alinijia akaniomba niendeleze darasa lako la ngumbaru, pale kwenye ghala karibu na kiwanda cha kahawa. Nilikubali. Nilidhani kazi itakuwa rahisi, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa cheti na wewe ulijifunza kusoma ukiwa tayari mama wa watoto watatu. Niliwakuta wanawake ishirini. Niliwapanga kwenye mabenchi kwa urefu, nikawakagua kucha, nikasahihisha daftari zao kwa wino mwekundu. Mwezi ulipokwisha walikuwa wamebaki saba.

Njeri, yule mcheshi wa kule ng'ambo ya mto, aliniambia mbele ya wenzake, kwa Kiswahili chao cha sokoni wanachokitumia wakitaka kunikera: "Mwalimu, sisi si watoto ya standadi wani. Hata mzee yangu hanifokei hivi."

Walicheka wote. Mimi sikucheka. Nilirudi nyumbani nikikulaumu kwamba uliwadekeza, nami nakujua hukumdekeza mtu. Nilikumbuka mkutano ule wa wakulima wa kahawa, karani wa chama chao alipotoa kidau cha wino na kusema, "Akina mama, wekeni kidole hapa." Ulikwenda mbele, ukakichukua kidau, ukakitia ndani ya kiondo chako, ukakikalia. Ulisema, "Leo kila mtu ataandika jina lake." Wanaume walinung'unika kwamba unawachelewesha. Foleni ilikwenda mpaka jua likazama nyuma ya milima ya Aberdare, na Njeri huyo huyo akaandika jina lake kwa herufi kubwa kuliko za mtu mwingine yeyote. Nilikuwa nimesimama nyuma, Nyambura. Niliona haya kwa ajili yako. Leo naona haya kwa ajili yangu.

Lakini sababu ya barua hii ni Mama Wachira.

Unamkumbuka alivyo: anauza ndizi Karatina siku za soko, na mumewe anafanya kazi kwenye mashamba ya mpunga kule Wang'uru. Siku chache kabla hujalazwa alikuletea barua ya mumewe, nawe ukafanya kama ulivyomfanyia kila mwanamke wa darasa lako. Uliipitishia macho kimya, ukasema, "Hakuna kifo, hakuna mgonjwa." Ukamsomea salamu za mwanzo. Kisha ukaikunja, ukamrudishia. "Haya mengine ni yako. Utayasoma."

Jambo hilo ndilo tulilogombania zaidi ya yote. Nilikuambia ni ukatili kumpa mtu nusu ya barua yake. Niliwaambia hata wazee wa kanisa. Wewe ulinijibu tu, ukiwa unachambua maharagwe, "Na mimi nikifa, watasomewa na nani? Na wewe?" Ukacheka peke yako.

Basi ulikufa, na Mama Wachira akaja kwangu. Ilikuwa Ijumaa, darasani, wenzake wote wakiwapo. Alitoa barua kiondoni, imeshika rangi ya udongo kwenye mikunjo, akaiweka mezani.

"Mwalimu, si unisomee tu? Hii barua iko na miezi kwa kiondo. Nyambura alisema hakuna kifo. Sasa kama si kifo, ni nini?"

Niliona hapa ndipo nitakapowaonyesha njia ya haki. Niliifungua, nikasimama, nikaanza kusoma kwa sauti. Salamu kwa mama, salamu kwa watoto, salamu kwa majirani. Nilisoma vizuri. Kisha nikainua macho kidogo, nikawaona. Njeri alikuwa ameacha kuandika. Wote walikuwa wanamwangalia Mama Wachira, naye ameshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili, kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

Sura ile nilikuwa nimewahi kuiona.

Mimi nilikuwa darasa la nne, wewe ukiwa na miaka kama saba. Baba alikuwa akifanya kazi ya reli Nakuru. Uani kwetu walikuwa wanawake wa kijiji wamekuja kumsaidia Mama kupura maharagwe. Barua ilipofika, Mama aliita kwa fahari, "Njoo utusomee, karani wangu." Nilipanda juu ya kigoda. Nilifika pale Baba aliposema kwamba ameoa mwanamke wa huko na asitazamiwe Krismasi, wala sikusimama. Shuleni tulikuwa tumeambiwa msomaji mzuri hasimami mpaka kwenye nukta. Nilitamka kila neno. Mama aliendelea kupura, akapura hata pale ambapo hapakuwa na kitu tena, makapi matupu, na wanawake wakawa wanatazama chini. Ni wewe uliyeruka ukanipokonya karatasi ukakimbilia migombani.

Nilikukimbiza. Nilikuchapa. Nilikuchapa kwa sababu sikuwa nimemaliza.

Hatukulizungumza tena. Ulikua, ukaolewa, ukajifunza kusoma, ukakusanya wanawake wa kijiji kizima, ukawarudishia barua zao mmoja mmoja, na hukuniambia hata siku moja ulilitoa wapi jambo hilo. Miaka yote hiyo uliniita Karani, nami nikadhani unanisifu.

Mstari wa nne wa barua ya Mama Wachira sikuusoma. Macho yalikuwa yameanza kushuka, niliyafunga. Niliikunja barua gizani hivyo hivyo, nikampa. Sauti yangu haikuwa nzuri. Nilimwambia, "Mama, haya mengine ni yako. Nitakufundisha, na nitafanya haraka."

Alikasirika. Alisema mimi na wewe tumezaliwa na roho moja ya jiwe. Hajui alinipa nini aliposema hivyo.

Wino mwekundu niliuweka kabatini. Nilimfundisha kwa maneno ya kazi yake: ndizi, gunia, mvua, deni, mkungu. Alikuja na matope miguuni. Siku za soko alisoma maandishi ya malori yaliyokuja kupakia kabichi, akaniletea yale yaliyomshinda. Wale wengine walianza kurudi, wawili, kisha watano. Nadhani walikuja kuona kama atafika. Nami pia nilitaka kuona, Nyambura, na nilikuwa naogopa. Kila herufi niliyomfundisha, nilijua huenda namsogeza karibu na kigoda kile.

Ijumaa iliyopita aliketi benchi la nyuma, akaitoa barua yake. Wanawake walisimama wakatoka nje mmoja baada ya mwingine, bila kuambiwa, wakajibanza chini ya ukingo wa paa kwa ajili ya mvua. Nilitoka nyuma yao. Njeri aliniambia, "Mwalimu, usichungulie." Sikuchungulia. Nilihesabu matone yaliyoanguka kutoka kwenye bati, mzee mzima, na kofia yangu mkononi.

Alikaa muda mrefu. Alipotoka, barua ilikuwa imekunjwa na kutiwa kifuani, ndani ya nguo yake. Hakuwa analia, wala hakuwa na furaha ya kuonekana. Alitutazama sote kama tulikuwa mbali, akajifunga kitambaa vizuri kichwani, akasema, "Jumatatu nitakuja mapema. Nataka kufundishwa kuandika." Kisha akashika njia.

Sijui barua ile ilisema nini. Wewe ulijua, na hutaniambia. Yeye anajua, na si haki yangu kumuuliza. Nimekaa siku tatu na jambo hilo katika nyumba hii, nikaelewa kwamba ndivyo ulivyoishi wewe, na siri za kijiji kizima, mezani pangu, ukinimiminia chai. Ulikuwa peke yako kuliko nilivyodhani. Mimi nilikuwa karibu, nikisikiliza redio.

Mama yetu hakupata mahali pa kusomea peke yake. Hilo siwezi kulirekebisha. Wala kipigo kile. Nilipaswa kukuomba radhi ulipokuwa hai, na nilikuwa na miaka mingi ya kufanya hivyo. Nakuomba sasa.

Nakuahidi hivi. Darasa lako nitalishika mpaka miguu ikatae. Kila barua itakayoletwa nitatazama kama kuna kifo au mgonjwa, nitasoma salamu, na nitairudisha kwa mwenyewe. Watanichukia kama walivyokuchukia wewe mwanzoni. Nitavumilia.

Kwa heri, ndugu yangu. Leo ni Jumatatu, na kumekucha. Naona mtu amejifunika gunia kwa ajili ya mvua, anapanda njia ya kiwandani, na mlango wa ghala bado sijaufungua.

Kaka yako.