Simu Niliyoitaka kwa Wiki Mbili

Loresho, Nairobi
Jumapili mchana

Kwako dada yangu Beritah,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Goti linaendeleaje tangu uanze ile dawa ya kupaka? Na shemeji, kifua chake kimetulia? Natumaini mmepata jua la kuanika mahindi. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naamka, napika. Nikisema mzima maana yake ni hiyo tu, usitafute zaidi.

Najua utashangaa kuona karatasi wakati tulizungumza juzi tu. Kwa simu ungenikatiza kabla sijafika mwisho, na habari hii nataka uisikie yote ndipo useme. Nimempa Mwalimu Andeka, anasafiri Jumanne, atakuletea mkononi.

Wiki tatu zilizopita simu yangu ilikataa kuchaji. Ba, yule bibi wa Kihindi ninayempikia, akaniruhusu niende mjini kuitengeneza. Fundi yuko chini kwenye jengo moja la Moi Avenue. Akaniambia nimpe saa moja. Nikapanda ngazi bila nia yoyote, nikajikuta ndani ya duka la simu, la vioo vitupu na taa nyeupe, ambalo siku nyingine ningepita nje tu. Msichana wa duka, anaitwa Njoki, akaniona nimesimama. Akachukua simu moja ya kijani mezani akaniwekea mkononi.

"Shika tu, mama. Hii ndio imeingia juzi. Kushika ni bure."

Ilikuwa nzito kidogo, na baridi. Nilipouliza bei nilidhani nimesikia vibaya, kwa sababu ni mshahara wangu wa miezi minane. Nikairudisha, nikashukuru, nikashuka kwa fundi. Lakini nilipokuwa nasubiri gari la kurudi Loresho nikagundua kwamba ile simu naitaka.

Dada, nataka uelewe neno hilo. Tangu tumzike mume wangu, Baba Linet, mwaka jana sijataka kitu. Si chakula, si nguo, si hata kulala. Mlinisifu pale matangani kwamba nimejikaza, na Jumanne yake nikarudi kazini, Ba mwenyewe akashangaa. Ukweli ni kwamba sikujikaza. Hakukuwa na kitu cha kukaza. Linet alipojifungua nilisema Mungu ni mwema kwa sababu najua ndivyo husemwa. Halafu mimi huyu, mpishi wa miaka hamsini na nne, nikawa nakata vitunguu huku nawaza simu ya kijani. Niliona aibu. Na hata ile aibu niliipenda, kwa kuwa angalau nilikuwa naisikia.

Jumamosi iliyofuata nikarudi. Mlinzi wa mlangoni akaniuliza naenda wapi, nikamwambia naenda kwa Njoki, kama vile tumejuana miaka. Njoki alinikumbuka. Akanieleza habari ya kamera, kwamba inaona hata gizani, inaona mbali, na akasema anipige picha nijionee. Akaniambia nicheke kidogo. Nilijaribu, dada. Akapiga, akanionyesha.

Kila kitu kilikuwepo. Alama ya mafuta yaliyonichoma kidevuni, nywele mbili nyeupe kwenye nyusi ambazo kioo cha chumbani kwangu hakijawahi kuniambia. Nilitafuta huzuni kwenye ule uso, maana nilidhani hiyo ndiyo watu huwa wanaiona wakinionea huruma. Haikuwepo. Ulikuwa uso wa mtu anayengoja kuitwa kwenye foleni. Nikamwambia aifute. Akafuta bila kuuliza.

Kisha nikamwuliza ukweli, kama mtoto wangu, hii simu inafaa bei yake au hapana. Alitazama nyuma kwanza kuona kama mwenye duka yuko karibu.

"Mama, mimi mwenyewe natumia ya kawaida," akasema. "Inapiga, inapokea, inatuma pesa. Hii utalipia mambo mengi hutawahi kuyagusa. Lakini watu wakitoka hapa nayo wanatembea tofauti."

Nikamwuliza wanatembea hivyo kwa muda gani.

"Wiki mbili hivi," akasema.

Ungefikiri jibu hilo lilinitosha. Mimi nilisikia wiki mbili nikaona ni nyingi. Nikamwomba aniwekee moja.

Sasa nafika pale ambapo ungenikatiza. Jumatatu nilienda sacco nikatoa akiba yangu, pesa za kaburi. Ndiyo, hizo hizo ambazo Shem, ndugu mkubwa wa marehemu, anazingoja ili kaburi la ndugu yake litiwe saruji na vigae kabla ya Desemba. Hizo ambazo wewe umekuwa ukiniulizia kwa upole ili wakwe wasiniseme. Nilizitoa zote, nikaziweka kwenye bahasha, nikailaza chini ya godoro. Nilingoja nione kama nitajichukia. Sikujichukia. Nilikaa nazo siku tatu.

Siku ya tatu nilikuwa jikoni namenya njegere, Ba ameketi pembeni kama kawaida yake kuhesabu makosa yangu, na sijui ni kwa nini nikamwambia. Nilimwambia yote, hata bahasha. Mwanawe, Bwana Nilesh, alikuwa mlangoni akasikia nusu. Yeye ni mtu mwema na hapendi jambo likae bila dawa. Akapanda juu, akarudi na simu yake ya mwaka jana, akaniambia nichukue, ni karibu ile ile, yeye ameshanunua nyingine, na pesa zangu zikafanye kazi yake. Aliifuta kwa shati lake kabla ya kunipa. Nilishukuru kwa mikono miwili.

Usiku nilikaa nayo kitandani. Kioo kilekile, baridi ileile. Nilingoja, lakini hamu ilikuwa imeshaondoka. Haikuhamia kwenye hii ya bure, wala haikubaki kwa ile ya dukani. Nilijaribu kuiwaza ile ya kijani ikawa kama kuwaza kijiko. Hapo ndipo nilipoogopa, dada. Kilikuwa kitu kimoja tu, na nacho kimeenda.

Asubuhi nikamrudishia Bwana Nilesh. Nilijua nimemkwaza, maana alisema sawa mara tatu. Alipoondoka kwenda kazini Ba akaniita chumbani kwake.

"Wewe ilikuwa nataka hiyo simu kwa nini?" akaniuliza.

"Sijui, Ba."

"Mzuri. Mimi pia ilikuwa sijui." Akanionyesha kabati, akaniambia nifungue pale chini. Kulikuwa na masanduku ya viatu hadi nyuma ukutani. "Mzee alipokufa mimi nanunua viatu. Kila mwezi Biashara Street. Jozi kumi na moja. Sivai."

Nilifungua moja. Karatasi ya dukani ilikuwa bado imejazwa kwenye vidole. Nikamwuliza hamu hiyo iliisha lini.

Akanieleza kwamba zamani kwao wanawake hawakuwa wakienda mahali pa kuchomea maiti. Wanaume walimbeba mumewe wakaenda naye, yeye akabaki nyumbani na wanawake wenzake. "Asubuhi mzee iko hapa. Mchana haiko. Macho yangu haikuona," akasema. Akakaa hivyo mwaka mzima na viatu vyake. Siku moja akamwambia Nilesh ampeleke pale. Walikuta mahali peupe pamefagiwa, hapana kitu. Akasimama tu, akarudi nyumbani.

"Ulilia?" nikamwuliza.

"Nililala," akasema. "Siku mbili. Halafu viatu sikutaka tena."

Dada, mimi kaburini nilikuwepo. Wewe mwenyewe ulinishika. Lakini tangu siku ile Ba alipozungumza najaribu kukumbuka kaburi, na ninachoona ni turubai la hema likipigwa na upepo, na viatu vya mchungaji vyenye matope. Shimo silioni. Udongo siuoni. Na sijarudi tena. Pasaka nilisema Ba mgonjwa, hakuwa mgonjwa. Krismasi nilisema wageni. Wageni walikuwa wawili, na walikula mchana wakaondoka.

Jana nimerudisha pesa sacco. Nilipita kwa Njoki kumwambia asiniwekee tena. Akaniuliza kama ni bei. Nikamwambia simu ni nzuri, asiipunguzie sifa kwa ajili yangu, ila mimi si mteja wake. Akanishika mkono. Nilisikia joto la mkono, basi, sikusikia zaidi.

Nimeomba ruhusa, nimepewa siku tano. Nitafika Ijumaa, si hii, ile inayofuata. Naomba unipokee wewe peke yako, usikusanye watu, na usinipikie kuku. Usinitazame usoni kuona kama nitalia. Huenda nikasimama tu kama Ba. Huenda nikalala. Kama ni kulala, unitandikie kwako, si kule kwangu.

Nisalimie shemeji na umwambie avae sweta. Msalimie mama mkwe wangu, umshike mikono kwa niaba yangu. Jirani yetu wa kisimani, mama wa pacha, mwambie kitambaa chake nimekipata. Linet nitampigia mwenyewe.

Shem nisalimie kwa heshima. Najua ameshaongea na fundi, na mchanga umemwagwa. Mwambie vigae nitanunua, sijakataa, lakini mtu asiguse kaburi kabla sijafika. Nataka nilikute likiwa bado udongo.

Ni mimi mdogo wako,
Dorika