Jino la Adano

Wabera, Isiolo
Jumanne, 10 Machi 1981

Kwako mdogo wangu Lokwang,

Hujambo huko Rapsu? Mimi ni mzima wa mwili tu. Mama anakohoa lakini anakula, na kila siku anauliza kama mmepata mvua. Hapa imeanza.

Sasa nisikilize vizuri. Kuna kijana wa huko kwenu, Adano Golicha, analima vitunguu karibu na mfereji mkubwa. Alhamisi nilimng'oa gego la chini. Unajua tangu Mzee Kithinji augue na kurudi kwao Meru, niko peke yangu kwenye kliniki yake ya meno. Siku hiyo walikuja watu arobaini na mmoja, na Mzee alishasema hakuna mtu kufungiwa mlango, wengine wametoka mpaka Merti. Sikukaa chini, sikunywa hata chai. Ili nisichelewe, asubuhi nilimwambia Florence wa mapokezi aandike "safi", yaani jino limetoka lote, kwenye kadi zote kabla watu hawajaingia. Ndiyo, nilifanya hivyo. Usinicheke.

Jana nikiosha vyombo nikakumbuka: lile gego lilipokuwa linatoka lilifanya kah! Na mimi sikuliangalia. Nililifunga kwa pamba nikampa, maana alisema mama yake hataki jino la mwanawe libaki mjini. Lokwang, gego la chini lina mizizi miwili. Nenda umwombe akuonyeshe, uhesabu. Kama mmoja umebaki ndani, pataoza, na uvimbe ukishuka shingoni mtu hukosa pumzi. Nakuomba, usingoje Jumapili.

Dada yako,
Akai


Rapsu
16 Machi 1981

Dada Akai,

Ejok? Mimi sijambo, na nyanya zangu hazijambo, ila nyani wanatutesa. Barua yako nilipewa na Samatar wa lori Jumamosi.

Nilienda. Mama yake amelifunga jino kwa kitambaa, analiweka ndani ya sanduku la nguo. Nikajifanya nashangaa ukubwa wake tu. Mzizi ni mmoja, dada. Wa pili umekatika, pale palipokatika panakwaruza kidole. Shavu la Adano limejaa, anatafuna upande mmoja, lakini anacheka. Nikamwambia arudi Isiolo aangaliwe. Akanitolea kadi. "Si dada yako ameandika safi? Nirudi kufuata nini, na vitunguu vinaningoja?"

Sasa wewe nyamaza. Watu wanang'oana meno kwa koleo na wanapona. Mzee Kithinji akisikia, uko nje, na dawa ya mama itatoka wapi? Na mimi je? Hili shamba nilipata kwa sababu baba yake Adano alisimama mbele ya wazee akasema huyu Mturkana ni mtu wetu. Fikiria hilo pia.

Mdogo wako,
Lokwang


Wabera, Isiolo
20 Machi 1981

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, na za mama pia. Usiku sasa anakohoa kidogo.

Nimesoma barua yako mara tatu. Nilikaa kwenye kile kiti cha wagonjwa nikalia mpaka Florence akafunga mlango. Unasema watu wanapona. Wewe umewaona waliopona. Mimi mwaka juzi nilimwona mzee mmoja wa Garba Tula aliyeletwa amechelewa. Alikufa akiwa amekaa, kwa sababu akilala hapumui.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine. Nimeandika kwamba kosa ni langu, kwamba kadi ni uongo, na kwamba apande lori la kwanza. Msomee mbele ya mama yake, neno kwa neno, usiruke hata moja. Kazi nitatafuta nyingine. Mama tutamlisha hata kwa kuuza makaa, si tulishauza? Naogopa, Lokwang. Naogopa kuliko siku tuliyomzika baba.

Dada yako,
Akai


Wabera, Isiolo
29 Machi 1981

Lokwang,

U mzima? Niambie tu kama u mzima.

Samatar anaapa alikupa bahasha mkononi tarehe ishirini na mbili. Mbona kimya? Adano yuko wapi? Kila lori likishusha watu natoka nje na glavu mkononi kuangalia. Juzi nilimrudisha mama mmoja wa Kiwanjani bila kumgusa, nikiogopa kuacha mzizi mwingine. Sasa napokea watu kumi na wanane kwa siku, basi, na kadi naandika mwenyewe jino likiwa mezani. Mzee ametuma maneno makali kutoka Meru. Na apige kelele!

Kama barabara imekatika, mpandisheni punda mpaka Kinna. Nijibu hata neno moja.

Dada yako,
Akai


Rapsu
2 Aprili 1981

Dada,

Sijui nikusalimie vipi.

Sikuisoma. Ile karatasi niliificha kwenye kopo la majani ya chai. Kila asubuhi nilisema leo uvimbe utapungua. Niliogopa kwa ajili yako, na haki ya Mungu, niliogopa kwa ajili yangu.

Juzi alishindwa kumeza maji. Shingo ilikaza, mate yanamtoka tu. Jana alfajiri tulimpandisha lori la Samatar, nikamshika mgongo mpaka Kinna ili akae wima. Mama yake yuko naye. Nilishindwa kukuandikia na kumpa Samatar barua mbele yao, hii naituma leo kwa lori jingine, kwa hiyo utamwona Adano kabla hujaisoma hii. Akai, nakupigia magoti, usiwaambie habari ya karatasi. Nitaishi wapi?

Mdogo wako,
Lokwang


Wabera, Isiolo
9 Aprili 1981

Lokwang,

Mama hajambo.

Adano alifika akiwa hai. Barua yako ilikuwa imenifikia tayari, maana lori lao lilikwama kwenye matope siku mbili. Nilimdunga penisilini, nikaenda naye Meru kwa gari la misheni. Wamempasua chini ya kidevu, usaha ukajaa bakuli, na mzizi umetoka. Anapumua kwa mrija walioutia shingoni. Hakuna anayetuambia kama atapona.

Kabla hajaingizwa kupasuliwa nilimwambia, mama yake akisikia, kwamba mzizi niliuacha mimi na kadi iliandikwa kabla hajakaa kwenye kiti. Mzee Kithinji nimemwambia pia. Amesema atanijibu. Nangoja.

Mama yake hakunitukana. Aliniuliza swali moja tu: "Binti yangu, ulijua karibu mwezi mzima. Mbona hukutuma hata mtu mmoja atuambie?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nikakumbuka shamba lako. Nikamwambia sikumtuma mtu.

Tangu siku hiyo naenda Meru kuwaona. Nikimpelekea chai anaiacha ipoe.

Jumatano mama yake anarudi Rapsu kuchukua nguo na maziwa. Lori litamshusha hapo mferejini. Mimi nimeshabeba kosa langu na lako. Karatasi unayo, Lokwang. Msomee.

Dada yako,
Akai