Majibu Niliyompa Muuguzi

Machakos,
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwa dada yangu mpenzi Mwanakheri,

Assalaam aleikum. Naomba barua hii iwakute na uzima, wewe na wote waliomo nyumbani, na goti lako liwe limekupa nafasi mwezi huu. Huku mvua imegoma na baridi ya asubuhi inaingia mpaka mifupani. Mwandiko usiushangae. Kalamu nimeizungushia kitambaa ipate kunenepa, maana ikiwa nyembamba inaniponyoka, na barua yenyewe nimeianza tangu Ijumaa.

Ulipouliza mara ya mwisho nilikwambia nashona. Dada, sishoni tangu mwaka jana. Viungo vya vidole vimevimba, asubuhi vinaamka vimekakamaa, na sindano siwezi kuitia uzi. Wale wake wa wafanyabiashara wa Kisomali wa hapa mjini, walioniletea madira yao tangu marehemu mume wangu yu hai, walisubiri wee, mwisho wakaja kuchukua vitambaa vyao. Hawakunisema vibaya. Lakini hao ndio waliokuwa mazungumzo yangu, na sasa hupita hata siku tatu sijasikia mtu akiniita jina.

Basi hospitali moja ya hapa ilikuwa ikitafuta watu wenye maradhi haya ya mikono ili wajaribu dawa. Walinikalisha wakanieleza taratibu mpaka nikaelewa. Wengine hupewa dawa yenyewe, wengine hupewa vidonge visivyo na kitu ndani, na hata muuguzi anayetugawia hajui nani kapata nini. Kila mwezi tunaulizwa maumivu yamefika wapi, kuanzia sifuri mpaka kumi, kisha wao wanalinganisha majibu yetu wajue kama dawa inafaa. Nikakubali, nikatia sahihi yangu iliyopinda.

Usinicheke, lakini si dawa iliyokuwa ikinirudisha pale. Muuguzi wetu anaitwa Mwende. Huuchukua mkono wangu akaulaza juu ya wake, akabonyeza kiungo kimoja kimoja, akiuliza kama hapa panauma, na hapa je. Hakuna mtu mwingine anayenishika mkono katika mji huu. Siku moja kabla ya kwenda nilikuwa nikijipaka mafuta ya nazi vidoleni kama bibi harusi, kwa ajili ya muuguzi!

Na hapo ndipo nilipoharibu. Mwende huanza hivi: "Mama Mwanaisha, habari ya vidole?" Nami nikajibu, "Nzuri, alhamdulillah." Wewe ungejibu vipi? Tumelelewa na mama yule yule. Unakumbuka alivyotufinya mapaja tukimlalamikia mgeni, akisema mtu hajakaa sawasawa mmeshamtwika maradhi yenu. Nikishasema nzuri, nitatajaje nane? Nikasema tatu. Mwezi wa pili nikasema mbili, kwa sababu binti wa watu alifurahi sana na ile tatu. Akibonyeza panapouma nilikuwa nikiuma meno na kumwambia, "Hapo panafinya kidogo tu." Yeye anaandika. Nikirudi nyumbani kifungo cha gauni kinanishinda kufungua, nalala nalo.

Kuna mwenzangu kwenye majaribio hayo, Mutindi, mke wa mchonga vinyago wa Wamunyu. Yeye kazi yake ni kusuka vyondo. Benchi letu la kungojea liko karibu na mlango, na majibu yangu yote alikuwa akiyasikia. Mwezi huu nilipotoka nikamkuta amejiinamia.

"Wewe dawa imekushika," akaniambia. "Mimi nakunywa vile walisema, sijaruka hata siku moja, na bado siwezi shika kiondo. Kwani Mungu amenikataa?"

Akalia, dada. Mwanamke mzima, mbele za watu. Amenizidi umri, na alikuwa akinitazama mimi kama mtu aliyepona. Aliniambia anataka kuiacha dawa, kwani kama mwili wake umelaaniwa ya nini kujisumbua. Nilimwona na aibu ikanipanda mpaka kichwani. Mama alikuwa akisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi maradhi yangu yalikuwa yanamuumbua mtu mwingine.

Nikarudi ndani, nikamwambia Mwende vidole vinauma nane, na vilikuwa nane tangu siku ya kwanza.

Akaweka kalamu chini. "Mama, mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza habari."

"Hiyo haikuwa salamu, Mama. Nilikuwa nauliza."

Hakufoka. Hakufuta aliyoyaandika, ila aliandika ukweli pembeni na tarehe, kisha akaniuliza maswali yote upya tangu la kwanza. Alipofika pale pa kuuliza nyumbani ni nani anayenisaidia, ambapo miezi yote nilijibu kwamba watu wapo, nikasema hakuna. Neno hilo lilinitoa machozi kuliko viungo vyote alivyobonyeza. Nilipotoka nikamwambia na Mutindi. Akacheka mpaka akashika ubavu. "Kumbe tuko wawili!" akasema, na vidonge vyake akavitia kwenye mkoba.

Daktari bado hajasema kama majibu yangu yatahesabiwa au jina langu litatolewa. Nikitolewa, nitatafutiwa matibabu ya kawaida tu kama watu wengine, na sitakuwa na sababu ya kwenda kwa Mwende kila mwezi. Naogopa hilo kuliko maumivu. Nyumba hii ni kimya sana, Mwanakheri. Nilibaki huku kwa sababu ya kaburi na cherehani, na hakuna kimoja kinachoniuliza nimelalaje.

Nisalimie shemeji, mwambie nimepunguza ubishi. Nisalimie shangazi, na mkwe wako aliyejifungua, umbusu mtoto kwa niaba yangu. Mjomba anayeuza samaki mwambie namkumbuka kila ninapoonja wa huku.

Ningeweza kukupigia simu nikakwambia haya. Nimejaribu mara mbili wiki hii. Nikisikia tu sauti yako mdomo unasema mimi mzima, sina neno, kisha tunazungumza habari za watu mpaka salio linakwisha. Kwa hiyo ukipata barua hii usinipigie kuniuliza kama ni kweli, maana nitakukatalia.

Njoo unichukue.

Mdogo wako,
Mwanaisha