Sauti Yangu ya Ofisini

Shangazi mpendwa,

Sisi huku hatujambo, na kikohozi changu kimeisha. Katika ukumbi wetu wa hisa, bei hupanda ukutani kwa taa za kijani, na wateja huzitazama kama watu wanaoota huku wamefumbua macho. Jana fundi nguo aliuza vyerehani vyake ili anunue.

“Bwana mdogo, wenzangu watajirike, mimi nibaki na vifungo?” aliniuliza.

Nilicheka naye. Lakini wakubwa wetu wanauza hisa zao kimyakimya, na sisi makarani tumeamriwa kuwapigia simu ndugu zetu wanunue, meneja akisikiliza. Jumatatu nitakupigia wewe. Nitakusihi uuze shamba. Naogopa kufukuzwa, Shangazi, kwa hiyo nitasema kwa utamu sana.

Hata nikikuita mama, kataa.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako.