Baba, Mama Amenyamaza Tena

Baba,

Mama amenyamaza tena. Nakuandikia kwa sababu wewe ndiye ungejua la kufanya, nawe hupo.

Siku ya mazishi yako hakulia. Watu wa kijijini kwetu Kanyangi wakasema ana moyo mgumu. Kumbe machozi yalikuwa yanangoja ndengu zikauke. Majirani walipokuja kumsaidia kupura, alishika ile fimbo uliyokuwa ukipuria, akakaa chini katikati ya maganda, akalia mpaka wakaondoka mmoja mmoja. Nilikaa naye.

Unakumbuka ulivyorudi kutoka Mombasa, baada ya kupikia wageni wa hoteli miaka yote hiyo? Sisi tulikuwa tumezoea kukuona Krismasi tu. Ulifika ukahamisha boma la mbuzi bila kumuuliza Mama, na ni yeye aliyelijenga. Hakugombana nawe. Alinyamaza. Mkawa mnaishi kama wapangaji wawili, mpaka Mama ananipigia simu huku Kabati nilikoolewa, nawe uko hapo nje tu: "Mwende, mwambie baba yako chakula kiko tayari."

Halafu pasta akaanzisha darasa la wanandoa baada ya ibada. Ulikataa. "Mimi nifundishwe ndoa na kijana niliyemzidi umri?" Kisha Jumapili moja ukaenda. Sijui ni nini kilikusukuma, hukuwahi kuniambia. Mkapewa kazi ya nyumbani: jioni mmoja aongee, mwingine asikilize bila kujitetea. Ukanipigia ukicheka: "Mwende, huyu mama yako ana maneno! Sijui alikuwa ameyaweka wapi."

Ndipo ukamwuliza anataka boma liwe wapi. Akakuonyesha. Mkalijenga upya, wewe ukishika nguzo, yeye akishindilia udongo, wapita njia wakiwashangaa. Akaanza kukuita Musyoka, jina lako, mbele za watu, wewe ambaye siku zote ulikuwa Baba Mwende tu. Mara ya kwanza nilipomsikia akikuita hivyo kutoka jikoni, nilidhani kuna mgeni.

Presha ikakuangusha shambani kabla ya mavuno. Baba, mlikuwa ndio mmeanza. Hilo... hilo ndilo linaloniuma kuliko kaburi lenyewe.

Siku ile ya kupura, majirani walipokwisha kwenda, Mama aliniambia jambo moja: "Nilimpata nikiwa mzee. Wewe wako yuko."

Wangu yuko, kweli. Unamjua Mutinda. Anafunga duka, anakula, anashika simu, analala. Nami nilishazoea. Juzi nilimwomba aweke simu chini anisikilize. Alishangaa, akaiweka. Nikamwambia jinsi ninavyokukosa. Alinisikiliza mpaka nilipomaliza, kisha akasema polepole, "Huwa nakusikia ukilia bafuni. Naogopa kubisha mlango."

Nililia tena, ila safari hii kifuani pake. Jumapili tutaenda pamoja kwenye lile darasa la wanandoa. Bado naogopa, Baba. Sijui kama tutaweza.

Lala salama sasa. Kila Jumamosi nitakuwa kwa Mama, na nitamwuliza habari zako hata kama hatajibu. Siku atakapoanza kuongea, sitamkatiza.

Binti yako,
Mwende