Waliniambia Chama Kitaniibia Mteja

Shangazi wa gazetini, shikamoo. Naomba unisikilize mpaka mwisho, maana nikinyamaza siku moja zaidi nitapasuka, na nyumbani hakuna wa kunisikiliza, mume wangu akiona nimefungua mdomo anaanza kumbembeleza mtoto hata kama mtoto mwenyewe amelala fofofo.

Mimi ni wakili wa kuajiriwa, ofisi ni ya mtu tunayemwita Mzee, na pale mwanamke mwenye joho ni mimi peke yangu. Kesi niliyoipenda kuliko zote ni ya mama mmoja mshonaji, mjane, ambaye mumewe alipofariki mashemeji walikuja wakamwambia afungashe, nyumba ni ya ukoo, wakati mama wa watu aliijenga na marehemu kwa jasho lake, cherehani yake iko sebuleni mpaka leo na wateja wake wanaingilia mlango wa mbele. Tukaipigania, Shangazi, mashahidi wetu wakasimama vizuri, wakili wa wale mashemeji akaanza kuomba kesi iahirishwe kila akituona, nikajua hapa tumewabana.

Basi mimba yangu ikakua, nikawa siwezi tena kusimama mahakamani asubuhi nzima, na wakili mmoja wa kike mwenye ofisi yake ghorofa ya chini yetu akanisimamisha kwenye ngazi akaniambia kuna chama cha mawakili wanawake na wana utaratibu wao, ukienda kujifungua mwenzako anasimama badala yako, anaishika kesi lakini haichukui, ukirudi unaikuta, na kabla hujaondoka mnakaa watatu, wewe na yeye na mteja, mnazungumza mpaka mteja aridhike. Nikampelekea Mzee habari hiyo. Alicheka mpaka akavua miwani. "Wale? Wale ni kikundi cha kunywa chai na kusengenya wanaume. Watakuibia mteja huyo mchana kweupe. Ya ofisi yabaki ofisini, binti yangu." Nami nikaona kweli, nikamshukuru yule dada wa chini, faili nikamkabidhi mwenzangu wa meza ya pili, tunamwita Tai Nyekundu, nilimpa pale pale kwenye mashine ya kudurufu, miguu imevimba, viatu mkononi, na mteja wangu nikasema nitampigia nikitulia.

Sikutulia, unajua mwenyewe mtoto wa kwanza.

Sasa nimerudi. Shangazi, meza yangu sikuikuta! Imesukumwa kando ya mashine ya kudurufu, kila anayekuja kutoa nakala ananipumulia shingoni, na kiti changu hakipo, kile chenye mto nilioununua mwenyewe kwa ajili ya mgongo, nikakitafuta ofisi nzima mpaka nikakikuta kwa Mzee ndani, na aliyekikalia ni shemeji mkubwa wa yule mama mshonaji, yule yule tunayeshtakiana naye, anakunywa chai. Ana malori, na Mzee kwa muda mrefu alikuwa akitamani kazi za malori yale. Nikatoka kama niliyemwagiwa maji. Nikamuuliza Tai Nyekundu kuna nini, akanyoosha tai yake akasema, "Aa, ile tumeimaliza kiutu uzima. Mapatano. Mama anahama nyumba kubwa, wanampa chumba cha uani ashonee." Nikamuuliza, amekubali? "Amesaini. Mwanzoni alikuwa mbishi, nikamwambia ni wewe uliyeshauri hivyo, akalegea."

Jumatatu jaji atayapitisha mapatano hayo yawe amri. Nilipiga kelele, sikatai, nilipiga kelele mpaka dada wa mapokezi akafunga mlango, na Mzee akanitazama kwa huruma, huruma Shangazi! akasema, "Mwili wa mzazi hautulii haraka. Nenda nyumbani kapumzike." Mume wangu naye anasema ninyamaze, unga wetu utamwagika, mtoto mchanga, nani ataajiri mwanamke mkorofi. Na ile nafasi ya kuwa mbia wa ofisi niliyoahidiwa siisikii tena ikitajwa. Meza yangu wamenisukumia kwenye mashine, kiti wamenipokonya, najikamulia maziwa kwenye kile chumba kidogo cha kunyonyeshea pale mahakamani huku nalia. Naomba uniambie, ninyamaze nilinde kazi yangu, au niwaendee wale wanawake wa chama niliowakataa, na nikienda, nitaenda na uso gani?

Mimi, Wakili wa Kando ya Mashine

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu, na hongera ya mtoto. Barua yako nimeipandisha juu ya zote kwa sababu ya hiyo Jumatatu. Pole nakupa, kisha nakugombeza, na usinune.

Hasira zako ni halali, na mimi zimenipanda mpaka nimemwaga chai yangu mezani. Huyo Mzee hakukuonea tu. Amekula na adui wa mteja wake, akamkalisha kwenye kiti chako, kisha akausingizia mwili wako uliotoka kuzaa. Akikuambia tena ukapumzike, mwambie umeshapumzika, ndiyo maana unaona vizuri. Aliyekutisha kwamba wanawake wa chama wataiba mteja ndiye aliyemuuza. Na huyo Tai Nyekundu simwiti wakili, namwita tarishi wa mashemeji.

Sasa zamu yako. Nimeisoma barua yako mara mbili. Meza umeitaja. Kiti umekitaja, na mto wake, na mgongo wako. Ubia wa ofisi, unga wa nyumbani, uso wako kwenye ngazi, vyote vimo. Lakini ulipoomba ushauri, hukuuliza hata neno moja kumhusu yule mama. Hivi ninavyoandika, mwanamke mwenzako anakunja vitambaa vyake ahamie uani, na anakushukuru wewe kwa ushauri! Hilo ndilo lililonitoa machozi, si kiti.

Na kosa lako, mwanangu, ni la wakili hasa, mtu mwingine asingelikosea hivyo. Ulikabidhi faili ukadhani umemkabidhi mteja. Faili halina masikio, hata ukilitupa kwenye mashine ya kudurufu halitakuuliza unaniachia kwa nani. Wale wa chama wanakaa watatu kwa sababu hiyo. Mteja akishamwona atakayesimama, akashikana naye mkono, akaambiwa mbele yako kwamba hakuna litakalosainiwa bila wewe kupigiwa simu, nani atakuja kumwambia "wakili wako kasema"? Hapo Tai Nyekundu angepata mlango gani wa kuingilia?

Nimewapigia simu hao wanywa chai, kwa taarifa yako. Sikutaja jina lako wala la ofisi. Nilidhani watacheka, hata kidogo tu, maana mimi ningecheka. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja mwenye sauti nzito aliniuliza jambo moja tu, "Jaji ameshapitisha?" Nikasema bado. Akasema, "Basi bado kuna kazi." Mapatano hayajawa amri. Mama akisimama akasema alidanganywa, jaji atamsikiliza kwanza. Wakili wa kumsimamia watamtoa wao, bila malipo, kesho ukitaka. Malalamiko dhidi ya ofisi watakusaidia kuyafikisha panapohusika, maana kula pande mbili za kesi moja si ukorofi wako, ni uchafu wao. Na Mzee akikufukuza kwa sababu umesema kweli, wana wanachama ambao kazi yao ni kesi za namna hiyo, nao wanazisubiri kwa hamu.

Ukiuliza chama kinakusaidia nini, nami nakuuliza, hicho chumba kidogo unachokamulia maziwa kilishuka kutoka mbinguni? Ni wao hao walioandika, wakafukuzwa kwenye maofisi, wakarudi, mmoja wao akanyonyesha kwenye ngazi za mahakama siku nzima mpaka wakubwa wakaona haya. Mama mwenye sauti nzito ndiye aliyenisimulia. Umo ndani ya chama siku nyingi, ada tu ndiyo hujalipa.

Kuhusu uso, nenda na huo huo ulionao. Ulikataa msaada ukiwa na viatu mkononi na bosi anakutisha, nani atakuhesabia hilo? Na mumeo mwambie Shangazi anamsalimu. Anaogopa, simlaumu, mtoto ni mdogo. Lakini mtoto huyo akikua akaulizwa mama yako anafanya kazi gani, ajibu nini? Anakaa kando ya mashine na kunyamaza?

Kwa hiyo leo, si kesho, mbebe mtoto mgongoni uende kwa mama mshonaji. Usimpigie simu, ulishamuahidi simu. Ingia kwa mlango wa mbele kama wateja wake wanavyoingia, keti karibu na cherehani, umwambie, "Mimi sikushauri hivyo." Usianze na miguu iliyovimba wala na Tai Nyekundu. Mwache akasirike, mwache akutukane akipenda, umeyachuma. Akimaliza, mwambie kuna wanawake wanamsubiri, na achague mwenyewe kama anakutaka wewe bado au anamtaka mwingine. Akimtaka mwingine, utambeba mtoto wako umsindikize mama mpaka mlangoni kwa chama, na hutanuna.

Jumatatu jaji atauliza kama pande zote zimeridhika. Mama atageuka kutafuta uso wako, maana alisaini kwa kuliamini jina lako. Uwe umekaa pale, benchi la mbele, na mtoto wako. Kiti chako mwachie mwenye malori.