Puti Niliyoitafuta Kwenye Gari Letu

Kwako Baba Naomi,

Neno "mpendwa" nimeliruka makusudi. Sababu unayo wewe, huko uliko.

Jumanne gari letu limekuja kwenye karakana yangu hapa Karatu. Ndiyo, lile Landkruza la kijani. Mwaka juzi ulinipigia simu unalia, ukasema limepinduka kwenye mteremko wa Endulen, limebondeka lote, limeuzwa chuma chakavu, na wewe umevunjika mguu. Sasa limekuja linatembea, na honi likapiga.

Mwenye nalo siku hizi ni kijana wa Mto wa Mbu, Elia. Alitaka nibandue stika ya zamani niweke jina lake. Niliiona namba, nikaijua. Unajua nilifanya nini? Nilikutetea. Nikajisemea limeokotwa, likanyooshwa, likajazwa puti kwenye mabonde, likapigwa rangi. Mafundi wa Arusha wanafufua hata yaliyozikwa.

Unakumbuka lilivyopata jina? Naomi alikuwa bado ananyonya. Asubuhi ile, badala ya kuniachia niliandae, ukalifuta bodi lote kwa dizeli, kama madereva wenzako wanavyofanya ili ling'ae mbele ya wageni. Nami nikabandika juu ya mafuta bila kujua. Hukufika hata geti la hifadhi pale Lodoare, N ikapeperuka na vumbi. Ukarudi na AOMI mlangoni, na stendi nzima ikakuita Baba Aomi mpaka Krismasi.

"Gari si bibi harusi," nilikwambia, "usilipake mafuta."

"Sawa, bosi," ukanipigia saluti.

Tukaliosha upya pamoja, mimi na spiriti, wewe umenishikia kitambaa. Ukaniuliza kwa nini nahangaika na pembe ambazo hakuna anayeziona. Nikakujibu kwamba stika huanza kubanduka pembeni. Nilikupenda sana siku ile. Nakuandikia nikiwa na hasira, lakini nilikupenda.

Basi Jumanne nililiosha kwa sabuni, maji yakatiririka mekundu kwa udongo wetu huu. Nikalikausha, nikapasha moto stika na kuibandua, gundi nikaitoa kwa petroli, nikafuta kwa spiriti. Na kila nilipofuta nilipitisha kiganja, maana puti huonwa na mkono kabla ya jicho. Bati lililogongwa likajazwa huwa na wimbi, na ukiligonga kwa kidole linaitika kwa sauti nzito. Nilipita milango yote, nikapita nguzo za madirisha, nikapanda mpaka kwenye paa. Nilikuwa naitafuta puti yako kwa mikono miwili. Nilitaka uwe mkweli! Ningeipata hata ya ukubwa wa sahani, ningewageukia wote waliosema umetukimbia nikawaomba wakuombe radhi.

Sikuipata. Nilichokipata ni kwenye mlango wa dereva, chini ya stika kubwa ya kampuni uliyoibandika huko ulikokwenda. Rangi ya pembeni ilikuwa imepauka kwa jua, na katikati pamebaki kivuli cha jina la mwanetu, herufi zote zimenyooka. Ulilibandua jina la mtoto, ukalifunika.

"Hili liliwahi kupinduka?" nikamuuliza Elia.

"Hili? Thubutu, dada! Bodi la kiwandani hili. Aliyeniuzia kaniletea mwenyewe Babati, akaruka chini mzima wa afya, tukalizunguka lote. Jamaa alikuwa analitunza kama mke wake."

Kama mke wake! Nilitamani kummwagia ndoo ya maji machafu, maskini wa watu, na hana kosa.

Usidhani nalilia gari. Magari huuzwa. Hata kuondoka, wanaume huondoka, wakasema wameondoka, mtu akalia akanyamaza. Wewe ulijitungia mguu. Nilipotaka kuja kukuuguza ukanikataza, eti hutaki Naomi akuone na magongo. Nikakuheshimu. Wanawake wa jumuiya wakaniletea pole, nikazipokea kwa mikono hii, nikawapikia chai. Umenifanya mwongo mbele ya watu, na sikujua kama nadanganya.

Kazi ya Elia nimeimaliza. Kile kivuli nimekisugua kwa kampaundi ya kung'arishia rangi mpaka kikafutika, nikaosha tena kwa kuwa kampaundi nayo huacha mafuta, nikapitisha spiriti, nikabandika jina lake. Limekaa sawasawa. Huyo hatarudi na herufi pungufu.

Lakini kabla sijasugua, Naomi alitoka shule. Siku hizi anasoma vizuri sana, hukuwepo kumsikia. Akasimama mbele ya mlango, akalisoma jina lake, akalipitishia kidole.

"Gari la baba limepona?"

"Halikuwahi kuumia," nikamwambia. Sikuwa na nguvu ya kumtungia kingine.

Ukafika wakati wa kula. Ugali uko mezani, tumeinamisha vichwa, na yeye ndiye huombea chakula nyumbani kwetu, huku akitaja na watu wake. Akaanza, akasita, akafungua macho akanitazama.

"Mama, mguu wa baba niendelee kuuombea?"

Mjibu wewe. Si mimi niliyeuvunja.

Baki salama na miguu yako miwili.

Mama Naomi